Mwezi Kabla ya Homa: Hotuba kwa Wakazi wa Makorora, Tanga

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi, mwishoni mwa Februari, kwenye uwanja wa shule hapa Makorora. Waliokosa kufika kwa sababu ya kazi, safari au msiba wameniomba niiandike yote. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Mama zangu, baba zangu, vijana, na nyinyi watoto mliopanda juu ya ukuta, shukeni mje karibu. Maneno ya leo yanawahusu nyinyi kuliko mtu mwingine yeyote.

Wengi wenu mnanijua. Zahanati yetu aliianzisha marehemu baba, nami nimeirithi pamoja na wagonjwa wake. Wapo hapa niliowapokea siku waliyozaliwa, leo wananiletea watoto wao. Namjua bibi, namjua mama, namjua mjukuu. Nikisikia kikohozi nje ya dirisha, mara nyingi najua ni cha nani kabla mwenyewe hajaingia.

Leo nimekuja na kitu kimoja mkononi. Hili ni daftari la MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, la wagonjwa wa nje. Msiogope, silifungui kusoma jina la mtu, siri ya mgonjwa ni amana. Nimelileta mlione tu. Mwezi uliopita, usiku mmoja umeme ulipokatika, nilikaa na madaftari kama haya ya miaka kumi, nikayapekua moja moja kwa mwanga wa simu. Nikaona jambo ambalo nilikuwa nalipita kila siku bila kuliangalia. Daftari lina majira yake, kama bahari.

Nawauliza. Mvuvi wa Sahare huambiwa na nani kwamba kaskazi imekwisha na kusi inaingia? Haambiwi na mtu, anajua. Mkulima wa Pongwe husubiri mvua imkute kitandani ndipo atafute jembe? Hasubiri. Shamba keshalisafisha, mbegu keshazitenga. Basi kwa nini homa, ambayo nayo huja kwa majira kama mvua, hutukuta mikono mitupu kila mwaka?

Januari na Februari, jua la kiangazi likiwaka, daftari linasema macho mekundu, vipele vya joto kwa watoto, na kuhara kwa wale wanaookota maembe na kuyala hapo hapo chini ya mwembe. Mvua ikianza, kuhara kunazidi. Mei, Juni mpaka Julai ni malaria, ukurasa baada ya ukurasa. Kipupwe kikiingia ni vifua vya watoto na pumu za wazee. Vuli ikija, homa zinarudi, ingawa si kwa wingi wa masika. 

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Masika yanaanza Machi. Kurasa zinajaa malaria Mei na Juni. Kwa nini? Malaria ilikuwa wapi Machi na Aprili?

Ilikuwa jikoni, inapikwa. Mvua ya kwanza inaacha madimbwi. Mbu jike anataga humo, na kwa joto letu hili yai huchukua wiki moja mpaka mbili kuwa mbu anayeruka. Mbu huyo hazaliwi na malaria. Lazima kwanza amuume mtu mwenye vimelea, na mtu huyo pengine ni mzima wa kuonekana, anakwenda kazini, hata kichwa hakimuumi. Vimelea vinakomaa ndani ya mbu kwa siku 10 hadi 14 hivi. Ndipo anamuuma mwanao. Na mwanao hapati homa usiku ule ule. Zinapita tena siku 7 hadi 14, mara nyingine zaidi. Jumlisheni wenyewe. Kutoka mvua ya kwanza mpaka homa ya kwanza, ni mwezi mzima na ushei.

Mwezi huo ni wa nani? Ni wa mbu, au ni wetu?

Mimi nasema mwezi huo ni wetu. Na tumekuwa tukiupoteza kila mwaka.

Niwaeleze habari ya mtoto mmoja. Bibi yake amenipa ruhusa, tena amesema niieleze yote, nisifiche. Ilikuwa Juni, miaka michache nyuma. Mtoto wa kiume, miaka mitatu. Homa ilimwanza Jumatatu. Mama akaenda dukani akanunua Panadol ya maji. Jumanne asubuhi homa ikashuka, watu wakashukuru. Jioni ikapanda tena. Ndani kulikuwa na vidonge viwili vya dawa mseto ya malaria, mabaki ya kaka yake, akapewa. Jumatano usiku mtoto akakakamaa, macho yakageuka juu, povu mdomoni.

Bibi akasema, degedege. Na sote tuliolelewa pwani hii tunajua neno hilo linakuja na nini nyuma yake. Tumeambiwa ni dege apitaye usiku. Tumeambiwa mtoto wa namna hiyo afukizwe, apakwe majani, na zaidi ya yote asichomwe sindano, maana akichomwa atakufa. Basi akafukizwa. Usiku ukaenda.

Ndugu zangu, nawaomba msimcheke bibi huyu. Nilipokaa naye baadaye aliniambia alichokiona katika maisha yake. Amezika watoto wawili. Wote walipata degedege, wote walibebwa mpaka hospitali wakiwa wamezimia, wote walichomwa sindano, wote wakafa siku ile ile. Wewe ungekuwa yeye ungesema nini? Ungesema sindano imeua. Sindano haikuua. Sindano ilimkuta mtoto keshafika ukingoni. Yale macho yake hayakumdanganya, kilichokosekana ni mtu wa kumweleza kilichotokea siku tatu kabla ya sindano.

Kilichombadilisha ni mama wa mtoto. Alfajiri, adhana inaadhiniwa, alimchukua mwanawe mgongoni akatoka bila kuaga. Alinigongea mlango nikiwa sijavaa viatu. Kipimo cha haraka kikatoa mistari miwili, yaani malaria ipo. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka sana, maana malaria kali huila sukari ya mtoto. Tukamwongezea sukari, tukampa dawa ya kutuliza degedege, tukamchoma sindano ya kwanza ya artesuneti, tukakodi bajaji kwenda hospitali ya Bombo. Alilazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Leo anasoma. Leo hii ni mmoja wa wale niliowaambia washuke ukutani.

Kwa hiyo nisikilizeni, kina mama. Homa ya mtoto mdogo haina kesho. Si mgeni wa waja leo waondoka leo. Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo. Akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, legeza nguo, na uanze safari. Mtakayempita njiani akawaambia rudini, msirudi.

Na yale mabaki ya dawa ya kaka yake. Wazee mnaikumbuka klorokwini? Mnakumbuka ilivyokuwa inawasha, mtu anajikuna mpaka anaomba akunwe mgongo? Ilitutibu miaka mingi. Vimelea vikaizoea. Mwaka 2001 nchi yetu ikaiacha, ikaja dawa nyingine ya malaria, SP. Haikudumu. Miaka mitano baadaye, mwishoni mwa 2006, ikaanza kuingia dawa mseto. Hesabuni. Dawa moja imekufa, ya pili ikaifuata, na ya tatu ndiyo hii tuliyo nayo mikononi. SP tumebaki nayo kwa wajawazito, wanaimeza kliniki kama kinga. Mseto wa mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne, mara sita, kwa siku tatu. Dozi ya pili imezwe saa 8 baada ya ile ya kwanza, zinazofuata asubuhi na jioni. Kunywa na chakula chenye mafuta, hata kama ni maziwa au wali wa nazi, dawa iingie vizuri mwilini. Usimwachie mtu nusu. Usimpe mtoto mabaki ya mwenzake. Ukijisikia nafuu siku ya pili, vimelea vilivyobaki ndivyo vyenye nguvu kuliko vyote.

Chandarua je? Naomba mnitazame usoni mnijibu. Nani ana chandarua chenye dawa ambacho kinafugia kuku? Nani kakizungushia bustani ya mchicha? Naona wengine mnaangalia chini.

Mnajua vyandarua hivi vilijaribiwa wapi? Watu wanadhani vimetoka Ulaya vikiwa tayari vimekwisha kamilika. Miaka ya 1980 watafiti walivijaribu vijijini Muheza hapa, kwa jirani zetu, kwenye nyumba za udongo na makuti kama za babu zetu. Mkoa wetu umepigana na malaria tangu zamani. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, wakapanda mikwinini kule juu Usambara kwa ajili ya dawa ya homa. Korogwe, watoto wetu walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria pamoja na watoto wa Bagamoyo na wa nchi nyingine za Afrika, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo. Dunia nzima inalala ndani ya elimu iliyotoka Tanga. Na sisi wa Tanga tulale nje ya chandarua? Inaniuma. Inaniuma sana.

Sasa ipo homa nyingine, na hapa nina la kukiri mbele yenu.

Mwaka 2019 dengi ilishika Dar es Salaam na ikatufikia huku. Alikuja kwangu fundi baiskeli, kijana mwenye nguvu. Homa kali, macho yanauma kwa ndani, viungo kama vimepigwa kwa mchi. Nikampima malaria, hana. Akakasirika. Akaniambia, dokta, kipimo chako kibovu, mimi naijua malaria yangu. Nami siku ile nilikuwa na foleni ndefu, na maumivu yake yalinihurumisha, nikamchoma diklofenaki ili apate usingizi. Nilikosea. Dawa za jamii hiyo, pamoja na asprini na ibuprofeni, zinaweza kumtoa damu mwenye dengi. Siku ya tano alirudi, homa imeshuka, lakini tumbo linamuuma, anatapika, na fizi zinatoka damu. Tukampeleka Bombo haraka, wakampa maji ya mshipa, wakamwangalia usiku na mchana. Alipona, Mungu ni mkubwa. Lakini mimi sijasahau, na tangu siku ile hakuna mtu aliyechomwa diklofenaki kwangu kabla sijajua homa yake ni ya nini.

Nilimwomba radhi. Kisha nikaenda kibandani kwake kuangalia anakofanyia kazi. Nyuma ya kibanda, matairi. Ndani ya matairi, maji. Ndani ya maji, viluwiluwi wanacheza.

Mbu wa dengi si yule wa malaria. Huyu anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Hataki dimbwi la shambani. Anataka maji yaliyotulia karibu na nyumba yako: tairi, kopo, kifuu cha nazi, sahani chini ya mtungi wa maua, pipa lisilo na mfuniko. Na sisi watu wa nazi, vifuu tunavyo. Sasa hili ndilo ninalotaka mwende nalo nyumbani: mayai yake yanashika kwenye ukuta wa chombo, na chombo kikikauka hayafi. Yanaweza kukaa hivyo kwa miezi. Hivi tunavyozungumza, jua likiwa kali namna hii, mayai ya mbu wa Aprili yapo tayari ndani ya matairi yenu, makavu, yanasubiri mvua. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua. Chukua brashi au makumbi, sugua ukuta wa pipa kila wiki. Vifuu choma au fukia. Matairi yatoboe au yaweke chini ya paa.

Mwezi huu ni wa nani? Naomba mjibu kwa sauti. Mwezi huu ni wetu.

Na homa ikija na kipimo kikasema si malaria, usidai dawa ya malaria. Usidai pia uandikiwe taifodi au UTI ili urudi nyumbani na kitu mfukoni. Panadol kwa kipimo chake, maji mengi, kupumzika, na urudi uangaliwe. Hasa homa inaposhuka. Kwa dengi, siku homa inaposhuka ndiyo siku ya kuwa macho.

Kuhara nitakupitia haraka, kwa sababu mengi mnayajua. Mvua ikizidi, makaro na vyoo vinajaa, na visima vyetu havina ukuta wa kuvitenga na uchafu huo. Chemsheni maji au yatieni dawa. Mtoto akihara mpeni ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, isizidi wala isipungue, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mmeniuliza sana kuhusu dafu. Dafu ni zuri kwa kiu, lakini chumvi yake ya aina anayoipoteza mtu mwenye kuhara kukali ni ndogo. Lisichukue nafasi ya ORS.

Kipupwe nacho, neno moja kwa wenye watoto. Mtoto akikohoa, mfunue nguo, tazama kifua ametulia, hanyonyi wala halii, hesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi miwili mpaka hajatimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi si mafua tena. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Na ukiona ngozi chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usihesabu tena, mlete.

Nije kwa watu wazima. Daftari langu lina ugonjwa mmoja usiojua masika wala kaskazi, nao ni presha. Pamoja na ndugu yake sukari. Hawa wako kila ukurasa. Lakini hata wao wana mwezi ambao kurasa zao zinakuwa nzito, na mwezi huo unahama kila mwaka kwa sababu unafuata mwandamo. Mmekwisha elewa. Ramadhani.

Yuko mama mmoja, namwita shangazi, muuza vitumbua. Ana sukari miaka mingi, anameza vidonge vyake vizuri kabisa. Ramadhani moja alifunga bila kuniambia. Daku hakula, alikuwa amechoka. Vidonge alivimeza vile vile kama siku zote, alfajiri. Saa saba mchana akawa anakanda unga kwa ajili ya futari, jasho baridi likamtoka, mikono ikatetemeka, akaanza kumwita mwanawe kwa jina la mume wake aliyefariki. Watu wakasema ana mashetani. Jirani mmoja, mwalimu, akakumbuka kuwa shangazi ana sukari, akamkoroga maji ya sukari akamnywesha angali ana fahamu za kumeza. Dakika kumi na tano baadaye shangazi akauliza kwa nini watu wamejaa uani kwake.

Sikumgombeza kwa kufunga. Mimi si sheikh. Nilimgombeza kwa kutokuja Shaabani, mwezi kabla ya Ramadhani. Angekuja mwezi ule, tungekaa, tungeangalia ni dawa ipi ihamie wakati wa futari, ipi ipunguzwe, na kama mwili wake unaweza kufunga au hauwezi. Wapo wanaoweza. Wapo ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe amewapa ruhusa ya kula, na ruhusa ile ni rehema, tusiione aibu. Kupima sukari kwa tone la kidole, masheikh wengi wamesema hakubatilishi saumu. Ikipimwa ikawa chini ya 3.9 mmol/L, fungua hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika kumi. Na jioni, mezani, magimbi ya nazi, kaimati, tambi za sukari na tende kumi kwa mpigo vinaipandisha sukari mpaka inakoweza kukudhuru upande wa pili. Anza na tende moja au mbili na maji, swali, kisha rudi kwenye chakula.

Wa presha, na nyinyi vile vile. Msikate vidonge kwa kuwa mnajisikia wazima. Mnajisikia wazima kwa sababu mnameza. Nina mzee wangu, nahodha, kusi lilipovuma na mashua zikalala ufukweni, fedha ikapungua, akaacha dawa miezi miwili akijiambia ataanza tena bahari ikitulia. Upande wake wa kulia haukusubiri bahari itulie. Leo anafundishwa kushika kijiko. Angeniambia hana fedha, tungetafuta njia. Niambieni. Kwangu hakuna aibu ya mfukoni.

Basi tuelewane tunachofanya. Kuanzia Jumatatu mpaka mvua ianze, mlango wa zahanati uko wazi alasiri kwa wasioumwa. Nasema kwa wasioumwa. Presha na sukari tutapima. Njooni na vyandarua vyenu, tutaviangalia kama vimetoboka na tutashona pamoja, nimeweka sindano na nyuzi. Wajawazito njooni na kadi zenu za kliniki tuone SP mmefika dozi ya ngapi. Na kila Jumamosi alfajiri, vijana wa mtaa wameahidi kupita nyumba kwa nyumba na brashi na toroli. Fundi wetu wa baiskeli ndiye atakayewaongoza, na matairi yake ameyatoboa wa kwanza.

Sina la kuongeza, ila kuna mtu mmoja ana neno. Amekaa mstari wa pili, amejitanda kanga. Ni yule bibi niliyewasimulia. Tangu mwaka ule, mtoto wa mtaa wake akipata homa, mama zao humpitia yeye kwanza, na yeye ndiye anayewashika mkono mpaka mlangoni kwangu, hata usiku. Ameniambia anataka kuwaeleza mwenyewe habari ya wale watoto wawili aliowazika. Bibi, shikamoo. Karibu mbele, kipaza sauti hiki hapa.